Isidore Bakanja, Kijana Aliyesamehe Bila Kuuficha Ukweli

Katika nyumba zetu nyingi, kabla ya kulala, baba na mama na watoto hupiga magoti na kusali Baba Yetu. Sala hiyo twaifahamu tangu utoto, nasi huitamka upesi bila kuipima. Lakini ndani yake mna ombi moja lenye sharti: twamwomba Mungu atusamehe kama sisi nasi tunavyowasamehe waliotukosea. Maombi mengine yote ya sala ile hayana sharti la namna hii. Basi mtu asaliye jioni huku amefunga kinyongo moyoni, ajihadhari, asije akawa anajitakia hukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Fundisho hilo ni gumu, na watu hulikwepa kwa njia mbili. Wako wanaodhani kwamba kusamehe ni kusema kuwa hapana ubaya uliotendeka: kufunika jeraha, kunyamaza, na kumwacha mdhalimu aendelee. Hao, wakiona kwamba hawawezi kuuita ubaya wema, huamua kutosamehe kabisa. Wako na wengine wanaosema kwamba, maadamu haki iko upande wao, wanayo ruhusa ya kuchukia. Wote wawili wamepotea. Ili tuonyeshe jambo hili si kwa maneno matupu bali kwa maisha ya mtu, twaona vema leo kuwasimulia wasomaji wetu habari za Mwenye Heri Isidore Bakanja wa Kongo, aliyefariki mwaka 1909.

Bakanja alizaliwa kati ya mwaka 1880 na 1890 katika sehemu za kaskazini-magharibi ya Kongo, nchi ya misitu mikubwa na mito mingi. Siku zile Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, naye aliishika tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908, ndipo serikali ya Ubelgiji ilipoitwaa. Utajiri uliotafutwa ulikuwa pembe za ndovu na mpira wa porini. Wenyeji walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira huo, na walioleta pungufu waliadhibiwa kwa ukatili. Watu walipigwa, walifungwa minyororo, vijiji vilichomwa moto. Taarifa ya balozi wa Uingereza, Roger Casement, iliyotangazwa mwaka 1904, iliufunua uovu huo mbele ya ulimwengu. Hiyo ndiyo nchi, na hizo ndizo siku, ambazo kijana wetu alikulia.

Alipopata nguvu za kufanya kazi alikwenda Mbandaka, mji ambao Wabelgiji waliuita Coquilhatville. Huko alipata kazi ya kuwasaidia waashi katika majengo ya serikali. Na huko ndiko alikokutana na Wamisionari Watrapisti, watawa waliotoka katika monasteri ya Westmalle, Ubelgiji. Akajifunza dini kwa bidii, na tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa, akapewa jina la Isidore. Katika mwaka ule ule akapata Kipaimara, na mwaka uliofuata akapokea Komunyo ya Kwanza.

Siku ya Ubatizo alipewa pia skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Wasomaji wetu wengi wanaijua: ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi, kimoja huning'inia kifuani na kimoja mgongoni. Kwa macho ya dunia ni kitu cha thamani ndogo sana. Lakini kwa Bakanja kilikuwa alama ya kwamba yeye ni mtu wa Kristo na mtoto wa Mama Maria. Hakukivua. Rozari nayo ilikuwa mkononi mwake kila alipopata nafasi.

Kisha akaondoka Mbandaka kwenda sehemu za mto Busira, akaajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani wa Mzungu mmoja wa kampuni ya Kibelgiji iliyoitwa kwa kifupi SAB. Alipohamishwa bwana wake kwenda Ikili, naye akafuatana naye. Ndivyo alivyoingia chini ya mamlaka ya msimamizi wa mahali pale, Van Cauter, ambaye wenyeji walimwita Longange.

Katika vituo vile vya biashara wamisionari hawakupendwa. Wenye kampuni waliona kwamba mtu aliyefundishwa kuwa ni mtoto wa Mungu hawi mwepesi wa kutendwa kama mnyama. Kwa hiyo Mkristo alitazamwa kwa jicho baya. Naye Bakanja hakuwa mtu wa kuificha imani yake. Hakuwa katekista aliyetumwa na misioni, lakini baada ya kazi aliwakusanya wenzake akawafundisha sala, hata wengi wakadhani kuwa ni katekista kweli. Akakatazwa kufundisha. Akaomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa. Mwisho msimamizi akamwamuru aivue skapulari yake.

Tuseme wazi kwamba kijana huyu hakuwa mtumishi mkaidi. Kazi yake aliifanya. Lakini kuna amri ambazo bwana wa dunia hana uwezo wa kuzitoa, na hii ilikuwa moja ya amri hizo. Bakanja hakuivua skapulari, akapigwa.

Siku nyingine, katika mwaka 1909, hasira ya Longange ilipita kiasi. Aliirarua skapulari ile shingoni mwa kijana, akamtupia mbwa. Kisha akatwaa kiboko cha ngozi ya tembo kilichotiwa misumari. Watumishi walilazimishwa kumshika Bakanja chini na kumpiga. Mapigo yalizidi 100, hata mgongo wote ukawa jeraha moja na nyama ikachanika. Baada ya hapo alifungwa minyororo miguuni, akatupwa ndani ya nyumba ya kutengenezea mpira, akaachwa humo na maumivu yake.

Baadaye ikasikika habari kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja. Longange akaogopa kwamba jeraha lile litamshitaki, akaamuru Bakanja apelekwe kijiji kingine asionekane. Njiani kijana akajificha msituni, na mkaguzi alipofika, akajikokota hata mbele yake. Mkaguzi huyo, aliyeitwa Dörpinghaus, alishtuka sana kwa alichokiona. Alimkinga asiuawe, akamchukua kwenda naye ili atibiwe.

Twawaomba wasomaji watue kidogo hapa. Mara nyingi, tusikiapo habari za watu watakatifu waliosamehe, twawafikiri kuwa watu walionyamaza kimya mpaka kufa. Bakanja hakunyamaza. Alikuwa na mgongo uliooza, hakuweza kusimama sawasawa, hata hivyo alijitokeza msituni ili mwenye mamlaka aone lililotendwa. Tena alimpa mkaguzi ujumbe. Aliomba kwamba akimwona mama yake, au akifika kwa hakimu, au akikutana na padre, awaambie kuwa yeye anakufa kwa sababu ni Mkristo.

Mama, hakimu, na padre. Kwa mama, ili ajue kwamba mwanawe hakufa kwa wizi wala kwa aibu. Kwa padre, ili Kanisa lijue kuwa mtoto wake ameishika ahadi ya Ubatizo. Na kwa hakimu, kwa maana jambo lililotendwa lilikuwa ovu, na serikali imewekwa ili iwazuie waovu na kuwalinda wanyonge. Bakanja hakuona kwamba kumsamehe Longange kunamlazimu amfiche hakimu habari hiyo. Ukweli aliusema wote, bila kuongeza chumvi wala kupunguza.

Matibabu hayakufaa kitu. Vidonda vilioza, naye aliteseka miezi kadhaa. Katika mwezi wa Julai mwaka ule wamisionari wawili walifika, wakamwungamisha, wakampa Komunyo Takatifu na Mpako wa wagonjwa. Kama ilivyo kazi yao, walimwasa amsamehe yule aliyempiga. Wakakuta kwamba amekwisha kumsamehe, wala hakuwa na chuki naye. Zaidi ya hayo, akaahidi kwamba atakapofika mbinguni atamwombea sana Mzungu yule.

Akafa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Jumapili, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Alikuwa na rozari mkononi, na shingoni alikuwa na skapulari. Tarehe 24 Aprili 1994, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri, huko Roma, wakati Maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika katika Sinodi yao. Tukumbuke pia jinsi siku zile zilivyokuwa. Katika mwezi ule ule wa Aprili damu ilikuwa ikimwagika nchini Rwanda. Wakristo waliobatizwa katika kisima kimoja walikuwa wakiuana, na baadhi yao waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Kanisa lilimwinua kijana wa Kongo aliyemsamehe mwuaji wake saa ile ile ambapo Afrika ilihitaji mfano wake kuliko wakati wowote. Na wale waliosalimika Rwanda walijifunza kwa uchungu jambo ambalo Bakanja aliliishi: kwamba hakuna upatanisho mahali ambapo ukweli umezikwa, wala hakuna amani mahali ambapo ukweli unasemwa kwa nia ya kisasi tu.

Basi, msamaha wa Kikristo ni nini? Si kusahau. Bakanja hakuweza kusahau. Mgongo wake ulimkumbusha kila alipopumua. Si kusema kwamba lililotendwa ni dogo. Si kumrudishia mdhalimu kiboko mkononi ili apige tena. Kusamehe ni kukataa kumtakia mabaya yule aliyenitenda mabaya. Ni kumtakia wema ulio mkuu kuliko wote, yaani aongoke na aokoke. Bakanja hakungoja Longange aje kuomba radhi, hakuja. Hakungoja maumivu yapoe, hayakupoa. Aliamua kwa nia yake, kwa msaada wa neema ya Mungu, akiufuata mfano wa Bwana Wetu aliyewaombea wauaji wake akiwa juu ya Msalaba, na mfano wa Mtakatifu Stefano chini ya mvua ya mawe.

Wako wasomaji watakaosema kwamba hayo ni ya wafia dini, si ya watu kama sisi. Lakini vidonda vyetu sisi hutoka wapi? Ndugu wawili hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba alilowaachia baba. Mke wa kaka hasalimiwi kwa neno alilolisema msibani miaka kumi iliyopita. Kibarua amenyimwa ujira wake. Mjane amenyang'anywa nyumba na shemeji zake. Baadhi ya mambo hayo ni madogo, nasi tumeyalea mpaka yakawa makubwa. Hayo yafaa tuyaache leo hii. Mengine ni dhuluma ya kweli. Mjane huyo asiambiwe na mtu yeyote, kwa jina la dini, kwamba yampasa kunyamaza. Aende kwa wazee, aende kwa paroko, aende barazani, aidai nyumba ya watoto wake. Lakini aombwe pia, kwa upole na bila kuharakishwa, asiwafundishe watoto hao kuwachukia baba zao wadogo. Nyumba yaweza kurudishwa na hakimu, lakini moyo wa mtoto uliojazwa sumu ni vigumu sana kuuponya.

Wazazi, hasa, twawasihi. Watoto wetu hujifunza kusamehe au kulipiza kisasi wakiwa wamekaa kando ya meko, wanaposikia jinsi tunavyowataja watu ambao hawapo. Tukimtaja jirani aliyetukosea, tulitaje kosa lake kama lilivyokuwa, kisha tumwombee kwa jina lake mbele ya watoto hao hao. Jambo hilo ni dogo na halina gharama, ila litaumiza kiburi chetu. Mara ya kwanza ulimi utakuwa mzito. Mara ya pili utalegea kidogo. Na yule ambaye jina lake hawezi kabisa kulitia katika sala, na amwombe Isidore Bakanja aliyetimiza jambo hilo akiwa na jeraha bichi, amsaidie kulitamka.