Krapf na Maneno ya Wenyewe

Kila muhula ninapoanza somo la historia ya kamusi, huwapeleka wanafunzi Nyali, upande wa Kisauni, kwenye kaburi la Rosina Krapf na mtoto wake mchanga, waliofariki Julai 1844. Mume alikuwa na miezi michache tu Mombasa. Naye homa ilimlaza, lakini aliendelea kuandika.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Derendingen, Ujerumani, mwaka 1810. Mwaka 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyidin. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann, na mwaka 1850 sarufi yake ilichapishwa. Alirejea kwao 1853. Mwaka uliofuata, miswada ya tenzi aliyoipata pwani, ukiwemo wa Herekali, ilikuwa tayari katika maktaba ya chama cha wanazuoni huko Halle. Alifariki Novemba 1881. Kamusi yake ilitoka London 1882, na jaladani mna jina lake peke yake.

Je, Krapf aliiba? Mwanafunzi mmoja alinikabili kwa swali hilo pale pale kaburini, kwa kuwa ametunga programu ya kuzoa maandishi ya Kiswahili katika kurasa za intaneti, apate maneno ya kamusi. Nilimjibu kwamba neno halina mwenyewe, bali utenzi una mtunzi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 haimiliki msamiati, hulinda namna mtu alivyoyapanga maneno yake, na hata hapo huruhusu matumizi ya haki kwa utafiti, mradi chanzo kitajwe. Kuingia kwenye mtambo bila idhini ni kosa chini ya sheria ya 2018, na habari za watu binafsi zinalindwa na sheria ya 2019. Huko Marekani, mwaka 2022, mahakama moja ya rufaa ya shirikisho iliona kwamba kuzoa yaliyo wazi kwa umma yaelekea si uvunjaji wa mlango; lakini sheria za majimbo kuhusu mikataba zaweza kumnasa mzoaji vilevile.

Mimi namtetea Krapf, tena bila haya. Bila yeye Kimvita cha wakati ule tungekijulia wapi? Ila jalada lile lenye jina moja hunikera hadi leo. Nilimwuliza kijana kama programu yake huhifadhi jina la mwandishi na tarehe ya kila ukurasa. Alisema haihifadhi. Nimemrudishia kazi yake.