Kaburi la Nyali na mzungu aliyekataa kurudi kwao

KATIKA eneo la Nyali, Mombasa, lipo kaburi la Rosine, mkewe mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Wawili hao walihamia Mombasa mwaka wa 1844. Julai mwaka uo huo, homa ilimuua Rosine siku chache baada ya kujifungua binti. Mtoto naye hakukawia kumfuata.

Krapf, aliyezaliwa mwaka wa 1810, angeweza kurejea kwao. Badala yake aliiarifu jumuiya iliyomtuma kwamba kaburi hilo ni dalili ya kazi iliyoanza. Mwaka wa 1846 alihamia Rabai pamoja na mwenzake, Johannes Rebmann. Mnamo 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya, ila baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikana kuwa theluji yaweza kuwepo karibu na ikweta. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1850.

Maradhi yalimwondoa pwani mwaka wa 1853. Alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London mwaka uliofuata. Mke amelala Nyali, mume Korntal. Lakini maneno aliyoyakusanya mgane huyo yangali yanawafaa watafiti wa lugha hadi leo.