Moïse Tshombe: mtoto wa tajiri aliyeshindwa na magazini, kisha akatawala Katanga

Lubumbashi – Wengi wanapomtaja Moïse Tshombe huanzia 11 Julai 1960, siku alipotangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Lakini mtu huyo anaeleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye duka.

Alizaliwa 10 Novemba 1919 huko Musumba, kwenye makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa na magazini kadhaa, mmoja wa Wakongomani wachache sana waliotajirika wakati wa ukoloni. Mtoto alisoma kwa wamisionari Wamethodisti wa Marekani, akajifunza uhasibu, akaoa binti wa Mwant Yav. Baba alipokufa mwaka 1951, Moïse akarithi biashara, na mikononi mwake haikudumu. Siasa ndiyo iliyomwinua.

Mwaka 1959 akawa kiongozi wa chama cha CONAKAT hapa mjini, wakati ule ukiitwa Elisabethville. Pembeni yake alikuwepo Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Hoja yao ilikuwa ya mwenye duka: shaba inatoka Katanga, kwa nini pesa zikaliwe Léopoldville? Baada ya kujitenga, Union Minière ililipa kodi zake kwa Tshombe, na maofisa wa Ubelgiji wakamjengea jeshi. Katanga ikatoa hata franka yake, yenye picha ya msalaba wa shaba, ule ambao mababu walitumia kama pesa. Wapinzani wakamwita Bwana Droo ya Pesa.

Walioumia ni wengine. Baluba wa kaskazini waliomkataa walishambuliwa na askari wake, na mwaka 1961 Baluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa hapa mjini. Tarehe 17 Januari mwaka huohuo Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini, si mbali na mji, mbele ya viongozi wa Katanga. Anayemsifu Tshombe leo hawezi kuruka ukurasa huo.

Januari 1963 Umoja wa Mataifa ulimaliza Katanga, naye akaenda kuishi Uhispania. Ajabu ni kwamba Julai 1964 aliitwa kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Hapo akafanya biashara yake bora kuliko zote: Februari 1965, huko Bruxelles, Ubelgiji ilikubali kuikabidhi Kongo hisa zake ndani ya makampuni makubwa, Union Minière ikiwa mojawapo. Pesa alizozuia zisifike Léopoldville, safari hii yeye mwenyewe alikwenda kuzidai kwa ajili yake.

Oktoba Rais Kasavubu alimfukuza. Novemba Mobutu akachukua madaraka, na mwaka 1967 Tshombe akahukumiwa kifo akiwa hayupo. Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda ilitekwa juu ya bahari ya Mediterania na kupelekwa Algeria. Algeria haikumkabidhi kwa Mobutu, wala haikumwachilia. Alikufa kizuizini 29 Juni 1969, akiwa na miaka 49. Ilitangazwa kuwa ni moyo. Alizikwa Ubelgiji, kwenye makaburi ya Etterbeek.