Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja aliyekikataa kinanda cha umeme, kisha akakikubali

KATIKA mji mdogo wa Misigiri, mkoani Singida, mahali ambapo barabara ya Kiomboi inaachana na barabara kuu iendayo Nzega, na katika miji mingine mingi ya nchi yetu, piano kwa mwanakwaya ni sauti mojawapo tu iliyomo ndani ya kinanda cha umeme. Mpigaji hubonyeza kitufe, huchagua piano, na spika hutoa mlio huo.

Mlio wenyewe mara nyingi ni wa piano halisi. Mafundi huiweka piano studio, wakarekodi sauti zake moja moja, zikiwa zimepigwa kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu, kisha wakazihifadhi katika kumbukumbu ya kinanda. Kidole kinapoangukia kibonyezo, chombo hupima kasi yake na kutoa sampuli inayolingana nayo.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wapenzi wa muziki wamelijadili kwa miongo kadhaa: je, anayepiga sauti zilizorekodiwa na watu wengine anapiga muziki wake mwenyewe? Maisha ya hayati Freddie Mercury, mpiga piano na mwimbaji mashuhuri kuliko wote waliozaliwa katika ardhi ya Tanzania ya leo, yanatoa jibu.

Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat nchini India, na baba alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane hivi, mtoto huyo alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, India.

Huko ndiko alikojifunza piano. Walimu walikitambua kipaji chake, wazazi wakakubali kulipia masomo ya ziada, naye akafikia daraja la nne katika mitihani ya piano. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 12, aliunda na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics, yeye akiwa mpiga piano.

Alirejea Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia yake ilihamia Uingereza na kuishi Feltham, karibu na London. Kijana huyo alisomea sanaa ya michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing na kuhitimu mwaka 1969. Mwaka uliofuata aliungana na Brian May na Roger Taylor kuunda kundi la Queen, akajiita Freddie Mercury. John Deacon alijiunga nao mwaka 1971.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, Queen walijivunia kutotumia sintesaiza, yaani vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1973, ilikuwa na maelezo kwenye jalada yanayomweleza msikilizaji kwamba hakuna aliyepiga chombo hicho. Gitaa la May lilikuwa likirekodiwa tabaka juu ya tabaka, nao hawakutaka jasho hilo lidhaniwe kuwa ni kazi ya mashine.

Mwaka 1975 Mercury alinunua piano ya Yamaha aina ya G2, na kwa chombo hicho aliutunga wimbo Bohemian Rhapsody. Katika utangulizi wake, mkono wa kushoto unavuka juu ya mkono wa kulia kwenda kugusa sauti za juu, kisha unarudi. Wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki tisa. Septemba 2023 piano hiyo ilipigwa mnada London na kuuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Hata hivyo, msimamo dhidi ya vinanda vya umeme haukudumu. Katika albamu ya The Game ya mwaka 1980, Queen walitumia sintesaiza ya Oberheim, na tangu hapo vyombo vya aina hiyo vikawa sehemu ya kazi zao. Piano nayo haikuachwa. Julai 13, 1985, katika tamasha la Live Aid kwenye uwanja wa Wembley, Mercury alianza onyesho lao la dakika zipatazo 20 akiwa ameketi mbele ya piano.

Mtihani mkubwa zaidi ulifuata. Mwaka 1987 alikutana na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé, wakakubaliana kuimba pamoja. Akishirikiana na mpiga piano Mike Moran, Mercury alitunga nyimbo na kurekodi kanda za mfano, akiimba hata sehemu za Caballé kwa sauti nyembamba ili mwenzake apate kuzisikia na kujifunza. Albamu ya Barcelona ilitoka Oktoba 1988.

Muziki huo ulihitaji okestra kubwa, lakini sehemu kubwa ya milio iliyosikika ilitoka kwenye vinanda. Wakati huo Mercury alikwisha kugundulika kuwa na virusi vya Ukimwi. Mtu aliyekuwa katika kundi lililojigamba kwa kutogusa sintesaiza sasa aliikabidhi kazi yake kubwa ya opera kwa vinanda hivyo.

Alifariki dunia nyumbani kwake London Novemba 24, 1991, akiwa na umri wa miaka 45, siku moja baada ya kutangaza hadharani kwamba alikuwa na Ukimwi.

Baada ya kifo chake, yeye mwenyewe aligeuka sauti iliyorekodiwa mikononi mwa wengine. Mwaka 1995 wenzake walitoa albamu ya Made in Heaven, wakijenga muziki kuzunguka sauti alizoziacha. Wimbo unaoifungua ulitokana na kipande kifupi alichokibuni papo kwa papo kwenye piano mwaka 1980. Mwaka 2012 albamu ya Barcelona nayo ilitolewa upya, milio ya vinanda ikiwa imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na okestra halisi. Sauti za Mercury na Caballé zilibaki kama zilivyokuwa.

Jibu la swali letu limo katika tukio hilo. Vinanda vya mwaka 1988 viliweza kuondolewa kwa sababu vilikuwa vimeshika nafasi tu. Kilichobaki ni tuni, mpangilio na uimbaji, mambo ambayo hakuna kitufe kinachoyatoa. Lakini bila vinanda hivyo, huenda albamu hiyo isingekamilika mtunzi akiwa hai.

Ni kweli kwamba kinanda hakilingani na piano kwa kila jambo. Ndani ya piano, nyuzi zilizo huru hutetemeka kwa kuitikia zile zilizopigwa, na sampuli iliyorekodiwa peke yake hainasi uhusiano huo wote. Aidha, kinanda cha vibonyezo 61 kinapungukiwa vibonyezo 27 vya piano kamili. Kwa upande wake, piano hulegea kwa joto na ukavu, ikamhitaji fundi wa kuikaza nyuzi, wakati kinanda hakipotezi sauti yake.

Kwa kijana wa Misigiri anayejifunza kwa kinanda cha kwaya, hilo si jambo dogo. Mercury aliacha mitihani katika daraja la nne, lakini hakuacha kutunga. Mwenye wimbo mzuri leo na autunge kwa chombo alichonacho. Piano halisi yaweza kuufuata baadaye, kama okestra ilivyoifuata Barcelona baada ya miaka 24.