René Jeannel na Mbawakawa wa Milimani

René Jeannel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka wa 1879. Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulivutwa na viumbe vidogo ambavyo watu wengi huvikanyaga bila kuviona. Alipenda kuingia katika mapango kutafuta mbawakawa waishio gizani, ambao wengine hawana macho kabisa.

Mwaka wa 1911 alifika Afrika ya Mashariki pamoja na Mfaransa mwenzake, Charles Alluaud, aliyekwisha kuzuru nchi hizi zamani. Wageni wengi wa siku zile walitafuta ndovu na simba. Hawa wawili walipindua mawe. Waliingia katika mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya, kisha wakapanda mlima Kenya na Kilimanjaro, wakikusanya wadudu hata mwaka wa 1912. Kazi hiyo yataka uangalifu, kwa maana mdudu asiyeandikiwa mahali alipookotwa hana faida kubwa kwa mtaalamu.

Jeannel alipowalinganisha mbawakawa watembeao chini, aliona jambo kubwa. Wengi wa milima mirefu hawana mabawa ya kurukia. Hawawezi kuvuka nyika yenye joto iliyo kati ya mlima na mlima. Kwa hiyo wa mlima huu si sawa na wa mlima ule. Kwao mlima ni kisiwa, na nyika ni bahari. Sisi wa Umatengo twaweza kulifahamu jambo hili upesi, kwa kuwa samaki wengi wa Ziwa la Nyasa hawapatikani katika ziwa jingine lo lote duniani.

Mwaka wa 1920 alikwenda Cluj, nchi ya Rumania, akafanya kazi na Emil Racoviță katika chuo cha kuchunguza mapango. Baadaye aliandika kitabu kikubwa juu ya jamaa moja ya mbawakawa hao. Alifundisha kwamba, ikiwa ndugu wasio na mabawa wakaa katika nchi zilizotengwa na bahari, basi zamani nchi hizo zilikuwa zimeungana. Wataalamu wengi walikataa. Leo yajulikana kwamba mabara husogea kweli. Baadaye alifanywa mkuu wa nyumba ya makumbusho ya viumbe huko Paris. Alikufa mwaka wa 1965.

Huenda mtu akauliza, mdudu mdogo ana faida gani? Mbawakawa wengi wa namna hii hula wadudu wengine. Tena, msitu wake ukichomwa, asiye na mabawa hana pa kukimbilia; akiisha katika mlima wake mmoja, amekwisha duniani. Wala hatuwezi kukilinda kiumbe tusichojua kikaapo. Basi, mwanafunzi, ukipindua jiwe kilimani, tazama vema, kisha ulirudishe kama ulivyolikuta.