Grace Kelly na gauni lililokuwa halina makunyanzi

Kila mwaka ifikapo Mei, mji wa Cannes ulioko pwani ya kusini ya Ufaransa hugeuka kuwa soko la mavazi. Filamu huonyeshwa, naam, na jopo la waamuzi hukaa gizani kutwa likizipima, lakini picha zinazotufikia sisi magazetini ni za mabibi wanaopanda ngazi huku wakiburuta mikia ya magauni. Nimezitazama picha hizo kwa miaka mingi, na katika mabibi wote waliopita pale hakuna ambaye kisa chake hunishika kama cha marehemu Grace Kelly. Waamuzi wa Cannes hawakumpa zawadi yoyote. Gauni alilovaa alasiri moja ndilo lililompa nchi, kisha likamnyang'anya kazi yake.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1929 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Watu wengi hudhani alitoka katika ukoo wa mabwanyenye wa tangu jadi, na sivyo. Baba yake, John Kelly, alianza maisha akiwa mwashi wa matofali, akapanda mpaka akawa kontrakta tajiri, na juu ya hayo alikuwa bingwa wa kupiga makasia aliyejipatia nishani tatu za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya 1920 na 1924. Mama yake alifundisha mazoezi ya viungo katika chuo kikuu. Katika nyumba hiyo ya wanamichezo, Grace alikuwa mtoto mnyonge wa mwili aliyependa kuigiza. Aliyemwelewa zaidi alikuwa ami yake George, mwandishi wa michezo ya kuigiza. Msichana akaenda New York kusomea uigizaji, na ada yake akajilipia kwa kupigwa picha za matangazo ya biashara. Kwa hiyo, kabla hajawa nyota wa sinema, alikwisha jua kazi moja barabara: kuvaa nguo ya mtu mwingine akaifanya ionekane yake.

Hapa ndipo anapoingia kwetu. Mwishoni mwa 1952 kampuni ya MGM ilileta Afrika Mashariki msafara mkubwa wa mahema, malori na kamera kupiga filamu iitwayo Mogambo, chini ya mwelekezi John Ford. Nyota wake walikuwa Clark Gable na Ava Gardner, na kando yao msichana huyu ambaye alikuwa bado hajulikani sana. Ilikuwa Novemba, na Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba. Watu wetu walikuwa wakikamatwa na kusombwa kupelekwa vizuizini, na huku wageni wakipiga picha za twiga na sokwe. Nilipoitazama filamu hiyo baadaye, nilitafuta mle ndani dalili yoyote ya mambo yaliyokuwa yakitendeka nje ya kamera, na sikuona hata moja. Jina lenyewe walidai ni Kiswahili. Wewe msomaji unaweza kulitafuta kutoka Lamu hadi Kigoma, hutalipata.

Lakini Grace mwenyewe tumtendee haki. Donald Sinden, Mwingereza aliyeigiza kama mumewe katika filamu hiyo, alisimulia baadaye kwamba walipoketi kula hotelini Nairobi, msichana huyo aliagiza chakula chote kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza kabla ya kuja, na Gable akabaki kinywa wazi. Mavazi yake ya porini yalibuniwa na Helen Rose, fundi mkuu wa nguo wa MGM. Mlikumbuke jina hilo, tutakutana nalo tena. Mogambo ikatoka mwaka wa 1953, na Grace akapata tuzo ya Golden Globe na kupendekezwa kwa Oscar. Hispania, ambako wakaguzi wa serikali hawakutaka kuonyesha mke wa mtu akimpenda mwingine, walibadilisha maneno ili mume na mke wawe kaka na dada. Sijui ni nani aliyefikiri kwamba hapo maadili yamepona, maana kaka na dada hao walikuwa wakilala hema moja.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Katika mwaka wa 1954 peke yake filamu zake nne zilitolewa, mbili kati yao chini ya Alfred Hitchcock, aliyemvika kama sanamu na kumpiga picha kama malkia. Ajabu ni kwamba filamu iliyompa Oscar ilikuwa ile ambayo ndani yake hakupambwa. Katika The Country Girl alikuwa mke wa mlevi, amevaa miwani na sweta iliyochakaa, na mbuni Edith Head, aliyezoea kumrembesha, safari hii alifanya kazi ya kumfubaza. Usiku wa tarehe 30 Machi 1955 akamshinda Judy Garland, ambaye alikuwa hospitalini amejifungua siku moja tu nyuma, na watu wa televisheni wamekwisha panga kamera chumbani mwake wakimngojea ashinde. Grace alipanda jukwaani akiwa na gauni la satini la rangi ya samawati iliyopauka, kazi ya Edith Head huyo huyo. Na si mara ya kwanza kulivaa. Alikuwa amekwisha livaa kwenye onyesho la kwanza la filamu yenyewe. Leo nyota akirudia gauni ingekuwa habari ya juma zima, lakini binti wa mwashi hakuona aibu.

Majuma machache baadaye akaalikwa Cannes, ambako tamasha la mwaka huo lilianza tarehe 26 Aprili hadi 10 Mei. Inafaa nieleze pale palikuwaje. Wasichana waliotafuta umaarufu walikuwa wamekwisha gundua kwamba pwani ya Cannes ina wapiga picha wengi kuliko samaki. Mnamo 1953 Brigitte Bardot alijionyesha ufuoni kwa bikini na dunia nzima ikamjua. Mwaka uliofuata msichana mwingine akavua nguo ya kifuani mbele ya kamera akiwa kando ya Robert Mitchum, na wenye tamasha wakamtaka aondoke. Grace alikuja kwa njia nyingine kabisa: glavu nyeupe, shingo iliyonyooka, nguo zilizofungwa vifungo. Nionavyo mimi, hiyo nayo ilikuwa biashara ya mwili kama ile ya wenzake, isipokuwa yeye aliuza kwa kufunika.

Katika garimoshi kutoka Paris alikutana na mwigizaji Olivia de Havilland na mume wake, Pierre Galante, aliyekuwa mhariri wa jarida la Paris Match. Galante alikuwa na wazo la kumpigisha Grace picha pamoja na Rainier III, mtawala wa Monaco, nchi ndogo mno iliyo umbali wa kama kilomita 50 kutoka Cannes. Grace alikubali kwa adabu tu. Miadi ikawekwa siku ya Ijumaa, tarehe 6 Mei.

Asubuhi ya siku hiyo wafanyakazi wa umeme waligoma. Grace alikuwa ametoka kuosha nywele, na mashine ya kuzikausha haina moto. Nguo zake zilikuwa zimejikunja sandukuni, na pasi haina moto. Likabaki gauni moja lisilokuwa na makunyanzi: la tafeta nyeusi, lenye maua makubwa makubwa, la kuvaliwa mchana. Halikutoka kwa mbuni yeyote wa Paris. Lilishonwa kwa kufuata pateni ya kampuni ya McCall's, zile karatasi zilizokatwa kwa vipimo ambazo mwanamke yeyote aliweza kununua dukani akaenda kujishonea nyumbani. Mama yangu alikuwa fundi wa cherehani, na pateni za namna hiyo alizitundika kwenye msumari ukutani zikiwa zimetobolewa na pini mpaka zikawa kama chujio. Kwa hiyo niliposoma habari hii kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mwanamke aliyevikwa na mafundi wakubwa wa Hollywood alikwenda kwa mfalme na nguo ambayo mama yangu angeweza kuikata kwa siku moja.

Desturi ya jumba la mfalme ilidai mwanamke avae kofia, naye hana. Wakambandikia maua ya bandia kichwani juu ya nywele zilizobanwa nyuma zikiwa bado mbichi. Njiani gari lililowafuata likawagonga kwa nyuma. Walipofika, mwenye nyumba hayupo, na Grace, aliyetakiwa kurudi Cannes kwenye karamu ya Wamarekani jioni hiyo hiyo, akaanza kukasirika. Hatimaye Rainier akaja, akaomba radhi, akamtembeza bustanini na kumwonyesha wanyama wake wa porini. Akapitisha mkono katika kizimba cha chui milia. Wapiga picha wakapiga picha zao, na kila mtu akaenda zake.

Na waamuzi je? Jopo la mwaka huo liliongozwa na mwandishi Marcel Pagnol, na kati ya wajumbe wake alikuwemo mwigizaji wa Italia, Isa Miranda. Filamu ya Grace ilikuwa mashindanoni. Tuzo kubwa, ambayo kwa mara ya kwanza ilitolewa kwa jina la Palme d'Or, ikaenda kwa Marty, hadithi ya mchinja nyama wa New York asiye na sura nzuri na mwalimu wa shule asiyetazamwa na mtu. Yaani wakati wapiga picha wakikimbilia uzuri, waamuzi walichagua wasio wazuri. Kiti cha mwenyekiti wa jopo kilikuwa bado cha wanaume. Mwanamke wa kwanza kukikalia alikuwa Olivia de Havilland, yule yule wa garimoshini, mwaka wa 1965. Sophia Loren akamfuata 1966.

Mtawala na mwigizaji wakaandikiana barua. Desemba 1955 Rainier alivuka bahari kwenda Marekani, na tarehe 5 Januari 1956 uchumba ukatangazwa. Kulikuwa na mapenzi, lakini kulikuwa na hesabu pia. Kwa mkataba wa 1918 kati ya Monaco na Ufaransa, mtawala akifa bila mrithi nchi yake ingeangukia chini ya ulinzi wa Ufaransa. Magazeti yalitaja dola milioni 2 kuwa kitita ambacho upande wa bibi harusi ulitoa, jambo ambalo wazee wetu wangeliona dunia imepinduka.

Harusi ilifungwa serikalini tarehe 18 Aprili 1956 na kanisani kesho yake. Gauni lilitolewa zawadi na MGM, na aliyelibuni ni Helen Rose, yule yule aliyemvika katika Mogambo. Mafundi wapatao dazeni tatu walilishona kwa majuma 6, wakitumia yadi 25 za tafeta ya hariri na lesi kuukuu ya Brussels. Kampuni ilipata haki ya kuipiga filamu sherehe yenyewe. Nikiitazama hesabu hiyo, naona kwamba hata siku ya kuiacha sinema alikuwa akiigiza ndani yake, na nguo ni ya stoo ya studio.

Alikuwa na umri wa miaka 26 na filamu 11 nyuma yake. Hakuigiza tena filamu nyingine kama hizo. Huko Monaco mumewe alipiga marufuku kuonyeshwa kwa filamu zake. Nguo zikageuka kazi mpya. Alipokuwa mja mzito, mwaka huo huo wa 1956, alijikinga tumbo na macho ya wapiga picha kwa mkoba mkubwa wa Hermès. Mkoba huo uliishia kuitwa Kelly, na mpaka leo unauzwa kwa bei ya gari. Watoto walikuwa watatu: Caroline, Albert na Stéphanie.

Mara moja tu mlango ulifunguka kidogo. Mnamo Machi 1962 ilitangazwa kwamba atarudi kwa Hitchcock kuigiza katika Marnie, awe mwizi wa kike mwenye ndoa yenye matatizo. Watu wa Monaco hawakutaka kumwona mke wa mtawala wao akibusiwa na mwanamume mwingine kwenye kitambaa cha sinema, na wakati ule Rainier alikuwa katika ugomvi mkali wa kodi na de Gaulle. Kufikia Juni akajitoa. Sehemu yake akapewa Tippi Hedren. Haikuwa mpaka 1976, huko Edinburgh, ndipo alipopanda jukwaani tena, safari hii kusoma mashairi tu.

Tarehe 13 Septemba 1982 alikuwa akiendesha gari pamoja na Stéphanie kwenye barabara ya mlimani juu ya Monaco. Damu ilivuja ubongoni, gari likamshinda, likatumbukia. Binti alipona. Mama alikufa kesho yake, akiwa na umri wa miaka 52.

Mnamo 2010 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilionyesha mavazi yake. Gauni la Oscar lilikuwepo, na lile la maua la pateni ya dukani lilikuwepo pia. Miaka minne baadaye, tarehe 14 Mei 2014, tamasha la Cannes lilifunguliwa kwa filamu juu ya mwaka ule wa 1962, Nicole Kidman akiigiza kama Grace. Jumba la Monaco lilisema hadithi hiyo si ya kweli. Kidman alipanda ngazi zenye zulia jekundu mbele ya kamera za dunia nzima. Kutoka Monaco ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, lakini kati ya watoto watatu wa Grace hakuna hata mmoja aliyekwenda.