Allidina Visram: Mgeni aliyefika Kampala kabla ya reli

KAMPALA. Mfanyabiashara anayeshusha mzigo Kikuubo leo, awe ametoka Mwanza, Kisumu au Bukavu, anafuata nyayo za mtu aliyefika hapa zaidi ya miaka 120 iliyopita: Allidina Visram.

Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851. Akiwa kijana wa miaka kama 12 alivuka bahari kwa jahazi hadi pwani yetu, bila mtaji. Huko Bagamoyo alijifunza kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ya wapagazi ambaye jina lake lingali kwenye jengo la Hospitali ya Muhimbili. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram aliendeleza misafara hiyo.

Hakungoja reli. Kufikia mwisho wa miaka ya 1890 alikuwa na duka Kampala, wakati mzigo ukibebwa kichwani. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipokuwa ikijengwa, alifungua maduka kando yake na kuwauzia vibarua chakula. Ilifika Kisumu mwaka 1901, naye alikuwa na vyombo vya kuvusha mizigo Ziwa Viktoria.

Siri yake ilikuwa mbili. Kwanza, hakuuza tu nguo, chumvi na shanga. Alinunua pia pembe, ngozi na ufuta wa wenyeji, na baadaye pamba, akajenga kiwanda cha kuichambua. Pili, aliweka mawakala waliohamia na kuishi na wateja wao, na wenye maduka madogo aliwapa bidhaa mali kauli.

Alifanya biashara chini ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, kila mmoja na sheria zake. Mwaka 1916 aliugua baada ya safari ya Kongo, akafariki Mombasa. Mwanawe, Abdulrasul, alijenga shule ya sekondari Mombasa kwa jina la baba yake, na ipo hadi leo. Lakini kampuni haikudumu. Abdulrasul naye alifariki miaka michache baadaye, na katika miaka ya 1920 mtandao ule wa maduka ukasambaratika. Ulisimama juu ya mtu mmoja na neno lake.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja inampa raia wa Afrika Mashariki haki ya kufungua biashara na kuishi katika nchi mwanachama. Haki hiyo bado inadai karatasi: usajili wa biashara URSB, namba ya mlipakodi URA, leseni ya jiji na kibali cha Uhamiaji. Anayeandikisha duka kwa jina la rafiki mwenyeji ili kukwepa foleni anajenga juu ya neno la mtu. Rafiki akifa au akigeuka, duka si lake tena.